Kifungu cha Manukato

WARAKA WA NDANI NA. 4 WA MWAKA 1999: KUSITISHWA KWA MATUMIZI YASIYO YA LAZIMA, KIFUNGU CHA MANUKATO.

Ndivyo ulivyoitwa. Ulikuwa na ukurasa mmoja, ulibandikwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, na wahusika wote waliotakiwa kuuzingatia walikuwa mtu mmoja: Kidawa, mke wa mwandishi. Mwandishi, Dulla wa Magomeni, alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Durban. Mtu akishakaa miaka minne akiandika kwa nakala tatu kwamba kontena la viatu limefika, na kwa nakala tatu nyingine kwamba viatu vimo, ulimi wake hufa ganzi. Hata kumwambia mkewe apunguze sukari anataka kumbukumbu namba.

Sababu ya waraka ilikuwa fungate. Walioana Desemba, kwenye fleti yao ya Greyville mkabala na uwanja wa mbio za farasi, mbele ya shehe na wageni tisa, watano kati yao Wakatoliki wa Kongo waliofuata biriani. Kwao, maharusi hufungiwa ndani siku saba, wakalishwa, wakasingwa, wakasahaulishwa kuwa kuna dunia. Hapa harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu bwana harusi alikuwa bandarini na bibi harusi alikuwa saluni kwa Marie-Jeanne, akisuka vichwa vya watu. Dulla aliapa kwamba fungate hiyo ataifidia, tena ng'ambo. Siku saba zile zile, ila Ufaransa.

Ufaransa ilikuwa chaguo la Kidawa. Dada wa huyo Marie-Jeanne wa saluni aliishi pembezoni mwa Paris na alikuwa na sofa inayokunjuka kuwa kitanda. Mkate wangenunua, jibini wangelila bustanini, na ule mnara mrefu wangeutazama kutoka chini, maana kutazama kutoka chini ni bure. Lakini Paris kwa Kidawa ilikuwa njia tu. Alitaka kushuka kusini, kwenye kimji cha vilimani ambako watu huchuma mawaridi alfajiri na kuyakamua yawe marashi. Alikieleza kimji hicho hatua kwa hatua, ngazi zake za mawe, chemchemi yake, kama mtu anayeeleza mtaa wa shangazi yake. Msichana wa Wete, Pemba, alikijulia wapi, Dulla hakuuliza. Alidhani ni magazeti ya saluni.

Nyaraka tatu za kwanza zilihusu nyama, simu za nyumbani na teksi. Kidawa alizisoma akicheka, akasaini. Wa nne ulihusu udi, ubani na maji ya waridi aliyonunua kila Alhamisi, na huo aliusoma akiwa amesimama, mara mbili.

"Hata Alhamisi?" aliuliza.

"Hasa Alhamisi. Ndiyo siku yenyewe ya matumizi."

Alichukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena. Alipokwisha kusaini aligeukia chumba cha kulala, ambako hakukuwa na mtu. "Ameandika yeye," alisema, kwa sauti ya kutaka kusikika. "Mimi nimesaini tu."

Dulla alidhani ni mzaha, akaufurahia.

Alhamisi iliyofuata, alipokuwa akipanda ngazi wakati wa magharibi, harufu ya udi ilimpokea ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya tatu ilikuwa nzito kama ya nyumba yenye shughuli. Alifungua mlango akiwa amekwisha kulitunga karipio. Chetezo kilikuwa kimeoshwa, kimefudikizwa kando ya sinki, baridi. Mkaa haukuwamo ndani ya nyumba. Alinusa mapazia, akanusa mito, akamnusa na mkewe, ambaye alinuka mafuta ya nywele na kitunguu.

"Sikuchoma," Kidawa alisema taratibu. "Wallahi, Dulla, sikuchoma."

Dulla aliandika Onyo la Kwanza, akalibandika chini ya sumaku. Asubuhi alilikuta pale pale, limeungua. Halikuchanika wala kukunjamana; lilikuwa jivu tupu lenye umbo la karatasi, na maneno yake yote yakisomeka, pamoja na tarehe na saini. Mlango wa friji haukuwa na alama ya moto. Alipoligusa kwa kidole lilimwagika sakafuni bila sauti. Alilizoa kwa gazeti, akaenda kazini, na siku hiyo hakumwambia mtu neno, jambo ambalo ofisini lilihesabiwa kuwa bidii.

Jumamosi hiyo walikwenda pamoja kwa wakala wa safari, ofisi ya chumba kimoja nyuma ya saluni, kuulizia nauli. Wiki iliyofuata wakarudi kuchukua makadirio. Wakala aliitwa Hardy, Mkongo wa Lubumbashi mwenye tai na rafu nzima ya fomu, kwa hiyo Dulla alimheshimu. Makadirio yalikuwa ya watu watatu. Dulla alimwonyesha kosa kwa ncha ya kalamu, kwa upole wa mtu wa kazi moja. Hardy alitazama karatasi, akatazama kiti kitupu kilichokuwa kati yao, akapunguza sauti.

"Papa, siku ile mulikuya batatu. Weye, madame, na ule mzee wa kanzu. Alikaa hapa katikati. Yeye njo alisema kiti chake mu ndege kikuwe karibu na cha madame."

"Mzee gani?"

"Ule," Hardy alisema, kisha akaanza kupanga fomu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Pardon, papa. Leo haiko."

Kidawa alikuwa akitazama viatu vyake. Njiani Dulla alipomuuliza, alijibu kwamba robot, taa ya barabarani, imewaka kijani, wavuke.

Jumapili kulikuwa na mbio. Saa nane mchana, jua likiwa dirishani na kipaza sauti cha uwanjani kikiwataja farasi kwa majina, walijilaza. Dulla hakuwa amelala, hilo angeweza kuliapia, alikuwa macho, akisikiliza kwato zikija na kwenda, alipohisi godoro upande wa pili wa Kidawa, upande wa ukutani ambako hapakuwa na nafasi hata ya paka, likibonyea polepole kama linavyobonyea mtu mzito anapoketi kuvua viatu, kisha likabonyea kwa urefu wote, na mkono wake aliokuwa ameuweka begani kwa mkewe ukaanza kupoa kuanzia vidoleni, ukapoa kiwiko, ukapoa bega, ukawa si wake, na alipojaribu kuuondoa aliona, katikati ya mchana mweupe, kitambaa cha gauni la Kidawa kikifinyika kwa alama za vidole vitano visivyokuwa vyake, akasikia pumzi ya tatu mle chumbani, ndefu, ya mtu aliyesubiri sana, na Kidawa, macho yake yakiwa bado yamefumba, akanong'ona kama anayembembeleza mgonjwa, "Bado kidogo, bwana. Bado hajaelewa."

Huko nje farasi mmoja alishinda na watu wakashangilia.

Kidawa alimweleza jikoni, Dulla akiwa ameutumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya moto. Alipokuwa na miaka tisa alishikwa na homa, hospitali ikamrudisha nyumbani afie kwao. Bibi yake hakukubali. Alimkabidhi kwa mwenyewe wa ukoo, jini ambaye watu wa nyumba hiyo hawamtaji jina: mtoto apone, na akikua awe mke wake. Kila Alhamisi apate udi na waridi. Na mwanamume atakayemtaka Kidawa, kwanza aende kwa mwenyewe akaombe ruhusa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungelijaza kwenye fomu gani?" Hakuwa akicheka. "Nilidhani Alhamisi zitatosha, Dulla. Miezi minane zilitosha."

Marie-Jeanne alikataa katakata kusikia habari za majini, akaushika msalaba wa shingoni, kisha akawaandikia anwani. Ilikuwa ya Bi Lulu, bibi wa wale watu wa Chatsworth, pembezoni mwa Durban, wanaoitwa Wazanzibari, ingawa yeye Zanzibar hakuwahi kuikanyaga, wala mama yake. Kiswahili alikipata kwa marehemu mumewe, baharia wa Lamu. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, akamtazama Dulla kwa huruma, na hiyo huruma ilimuudhi.

Alimketisha Kidawa mkekani, akamfunika shuka jeupe, akatia ubani motoni, akasoma. Ilikuwa alasiri. Jirani alikuwa akikata majani kwa mashine. Mashine ikanyamaza. Chini ya shuka mabega ya Kidawa yalipanuka, yakapanuka tena, mpaka yakawa ya mwanamume, na harufu iliyojaa chumbani haikuwa ya ubani bali ya mawaridi mabichi, mengi, yaliyopondwa. Dulla alikuwa amejiandaa kwa ukelele na matusi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee mstaarabu, iliyochoka, na hilo ndilo lililomsimamisha nywele.

"Miaka kumi na saba nakaa naye," ilisema. "Homa yake niliibeba mimi. Mji wa mawaridi nilimwahidi mimi, kabla wewe hujaota ndevu. Umemwoa bila kuniuliza, nikanyamaza, maana nilikuwa na Alhamisi yangu. Umeniondolea na Alhamisi, ili ukale fungate kwenye mji wangu."

Bi Lulu alimgeukia Dulla. Alimweleza kwamba jambo hili lina njia yake, na nyumba nyingi zinaishi nalo na kuzaa na kuzeeka. Arudishe Alhamisi. Aombe ruhusa, hata kama amechelewa. Ni neno moja tu, mzee mwenyewe ni muungwana.

Dulla alikwisha kuomba kibali cha kuingia, kibali cha kukaa na kibali cha kufanya kazi. Alikwisha kupanga foleni kuanzia alfajiri mbele ya makarani wasioweza kulitamka jina lake, akasema tafadhali, akasema asante, akarudi wiki iliyofuata na picha mbili zaidi. Kibali cha mke wake mwenyewe kilimkwama kooni. Aliyafikiria yale mabega. Aliufikiria upande wa ukutani wa kitanda chake, kila siku, mpaka kufa.

Kutoka chini ya shuka sauti ya Kidawa ilirudi, ndogo, kama inayopita kwenye tundu.

"Dulla, muombe. Kwa ajili yangu. Mimi niko radhi."

"Wewe ni mke wangu," Dulla alisema. "Huyu ni nani wa kuombwa? Mtoe, bibi."

"Nitoke?" ile sauti ya mzee iliuliza. Haikuwa na hasira. "Basi nitatoka na changu."

Bi Lulu alimshika Dulla mkono ule uliokuwa bado na ganzi. "Muulize chake ni kipi," alinong'ona. "Usitie saini kitu hujakisoma, mwanangu."

"Toka na chako," Dulla alisema.

Shuka lilishuka kama hema lililong'olewa nguzo. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini pazia lilivutwa kuelekea nje, likashikwa hivyo kwa kitambo, likaachiwa. Harufu yote ikaondoka kwa pamoja, hata ya ubani uliokuwa ukiwaka bado. Mashine ya jirani ikaanza tena.

Kidawa alijifunua mwenyewe. Alikuwa mzima, jasho tele usoni, na Dulla alisema alhamdulillahi mara tatu. Mkewe aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili, kwa mshangao, kama imeletwa na mtu. Aliutazama mwili wake, akajivutia shuka. Kisha akamwona Dulla, akainamisha macho jinsi watoto wa Pemba wanavyofundishwa, akanyoosha mkono.

"Shikamoo," alisema.

Bi Lulu aligeukia ukuta.

Ilibidi aitikie, kwa sababu mtoto akikuamkia hukai kimya. "Marahaba," Dulla alisema.

Aliuliza kama hapa ndiyo hospitali. Aliuliza kama bibi yake ametoka kwenda kununua mkate, na atarudi saa ngapi. Bibi yake alikuwa amekufa miaka sita iliyopita, na Dulla alisema atarudi sasa hivi.

Wiki tatu Marie-Jeanne alilala kwao, kwa sababu Kidawa hakutaka kubaki ndani na mwanamume asiyemjua. Ikifika jioni alikaa karibu na mlango, kanga yake ameikunja mapajani, akisubiri kufuatwa. Dulla alitandika jikoni. Siku moja alimletea albamu ya harusi. Kidawa aliifungua kwa adabu, ukurasa kwa ukurasa, akasema bibi harusi ni mzuri sana, akauliza ni nani. Alipoona mtu mzima analia aliogopa, akamwita Marie-Jeanne.

Akiba ya Ufaransa ilitosha tiketi za Dar es Salaam na meli ya Pemba. Gatini Kidawa alimwona mama yake, akashangaa kidogo kuwa amezeeka, akamkimbilia bila kugeuka nyuma.

Durban, wakala alihitaji fomu ya kughairi safari, kwa ajili ya jalada. Kwenye nafasi ya sababu Dulla aliandika: mabadiliko ya mipango ya familia. Hardy aliisoma, akagonga muhuri.

Kilichotokea ni kwamba Dulla alikataa kuomba ruhusa, mzee akaondoka na ile miaka kumi na saba, Kidawa akaamka hamjui mumewe, na hakumjua tena.