Nitrojeni ya Shija

Stendi ya Sumbawanga ilikuwa imefurika asubuhi hiyo ya baridi. Shija, mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, alikuwa akikagua mtungi wa nitrojeni ya maji, yenye baridi kali ya kuhifadhia mbegu za madume, kabla ya kuteremka Mtowisa. Alipofungua kifuniko, moshi mweupe ukamwagikia viatu vya msichana mwenye sweta la njano.

"Hiyo nitrojeni, kaka? Nimeitafuta mji mzima!"

"Hata salamu hakuna, dada? Nitrojeni tu?"

Msichana akacheka. Aliitwa Tusajigwe, mwalimu wa fizikia aliyekuwa akisomea shahada ya pili. Akamwonyesha vidonge viwili vyeusi vya kauri, vidogo kama vifungo vya koti.

"Hiki safi. Hiki nimekitia zinki kidogo. Vikipoa sana, umeme unapita bila kizuizi chochote. Nataka kujua joto nalo linapitaje."

"Na ukishajua?"

"Nitakuwa najua."

Jibu hilo lilimmaliza Shija. Tangu hapo akawa anampelekea nitrojeni maabara ya shule, katika chupa ya chai isiyobanwa kifuniko. Kidonge safi kilipopoa, joto likapita kwa wingi kuliko mwanzo. Kile cha zinki, joto likadorora.

"Chembe tu za zinki, mpenzi, zimevuruga kila kitu!" Tusajigwe akashangilia.

Shija alikosa usingizi. Lile "mpenzi" aliambiwa yeye, au kidonge?

Siku moja akampigia simu. "Nitrojeni inakaribia kuisha. Nikikupa tena, mbegu za wafugaji zitaharibika."

"Basi usijisumbue tena, Shija." Simu ikakatwa.

Roho ikamuuma kwelikweli. Kumbe alikuwa anapendewa mtungi! Hakupiga tena, wala hakupigiwa.

Wiki iliyofuata alikuwa bondeni Mtowisa akimpandisha ng'ombe, jasho linamtiririka, glavu imefika begani, akasikia bodaboda. Tusajigwe akashuka, sweta kalifunga kiunoni, vumbi hadi kwenye kope.

"Umefuata nini huku? Nitrojeni ya kugawa sina."

"Vipimo nilishamaliza zamani. Hivyo vingine nilikuwa narudia tu ili uje. Uliposema nitrojeni inaisha nikajua umenichoka."

Shija akamsahau ng'ombe, akawasahau na wafugaji waliokuwa wakicheka chinichini. Akanyoosha mikono.

"Nitume mshenga kwa baba yako?"

Tusajigwe akaruka nyuma. "Vua glavu kwanza, mwanaume wewe!"

Akaivua, akauliza upya, na Tusajigwe akasema ndiyo mbele ya ng'ombe wote.