Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 1916. Felista na mke wa mwanawe, Tusekile, walikuwa wakimenya ndizi jikoni kwao Bujonde, si mbali na mto Songwe. Moto uliwaka vizuri na chungu kilikuwa tayari, lakini hakuna aliyeimba. Wote wawili walikuwa wakisikiliza njia.

Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamerudi nyuma milimani, na Waingereza walikuwa wamevuka Songwe. Kila askari walipopita, watu waliingia migombani. Hata mbwa walikuwa wameshajua kukimbia.

"Mama, umesikia?" Tusekile alinong'ona.

Felista aliweka kisu chini. Kumbe ni jirani yao, Marta, mwanamke wa pwani ya ziwa anayefinyanga vyungu. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya Songwe, Karonga, akasoma shule ya misheni kule. Mumewe alipofariki, alirudi upande huu.

"Jirani yetu Lazaro amepigwa risasi," Marta alisema, akihema. "Imepita kwenye nyama ya paja. Atapona."

"Kakosa nini?" Felista aliuliza.

"Mwingereza alimwambia 'Stop!' Maana yake 'Simama!' Lazaro akadhani anasalimiwa. Akaitikia vizuri kabisa, akaendelea na safari yake."

Usimcheke Lazaro, msomaji. Wewe ungejuaje?

Tusekile aliacha ndizi zake. "Dada Marta, nifundishe Kiingereza. Sitaki kufa kwa neno nisilolijua."

"Hata sijaketi!"

"Keti, basi. Nifundishe."

Marta aliketi, akavuta chungu karibu yake. "Sentensi zao ni za aina nne. Ya kwanza inatoa habari. 'This is a pot.' Hiki ni chungu. Umepewa habari tu. Ya pili inauliza. 'Where is the pot?' Chungu kiko wapi? Huyo anangoja jibu. Ukinyamaza, atadhani unaficha kitu. Ya tatu inaamuru. 'Stop!' Simama. 'Come here!' Njoo hapa. Hiyo ifuate upesi. Ya nne ni ya mshangao. 'What a big pot!' Lo, chungu kikubwa namna gani!"

"Na hiyo ya mshangao nifanye nini?"

"Hufanyi kitu. Mwache ashangae."

Felista alicheka kidogo, kisha akachungulia nje tena.

"Lakini wote wanapiga kelele," Tusekile alisema. "Nitajuaje kwamba hili ni swali na ile ni amri?"

"Sikiliza mwanzo wa sentensi. Swali huanza na 'who', yaani nani, au 'where', yaani wapi, au 'what', yaani nini. Mara nyingine wanageuza maneno tu. 'He is old' ni habari: yeye ni mzee. 'Is he old?' ni swali. Amri huanza na kitendo chenyewe, bila kumtaja mtu."

Tusekile alirudia polepole. Kisha akauliza, "Mbona mara unasema 'a pot', mara 'the pot'?"

"Vijineno hivyo sisi hatuna. 'A pot' ni chungu kimoja, chochote, ambacho unayezungumza naye bado hakijui. 'The pot' ni kile ambacho mimi na wewe tunakijua. Mgeni akija kwangu anasema, 'I want a pot.' Anataka chungu chochote. Nikimpa, naye akakivunja njiani, anarudi kusema, 'The pot is broken.' Hapo ni kile kile nilichompa."

"Akikivunja asirudi kwangu," alisema Felista.

Mara kikohozi kikasikika nje. Tusekile alijifunika kaniki kichwani, akapenya mlango wa nyuma na kutoweka.

Aliyekohoa ni mzee Nsajigwa, mume wa Felista, baba mkwe wa Tusekile. Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke wa mwana alimwogopa baba mkwe kwelikweli. Hakumtazama usoni. Hakuzungumza naye. Jina lake hakulitaja kamwe. Ndiyo maana vijana walijenga kijiji chao mbali na wazee. Lakini Aliko, mume wa Tusekile, alikuwa amekwenda kuficha ng'ombe milimani, akamwacha mkewe kwa mama yake. Basi maskini Tusekile alikuwa na watu wawili wa kukimbia, Mwingereza njiani na mzee uani.

Marta aliendelea kumfundisha wiki baada ya wiki, kila alipopata nafasi. Tusekile aliyasema maneno yale akifagia, akayasema akiteka maji.

Siku moja Felista alikuwa ameshuka mtoni. Tusekile alikuwa anatoka migombani na mzigo wa majani, hakujua kwamba mzee yuko uani. Alipomwona, aliutupa mzigo, akakimbia nyuma ya nyumba. Ilikuwa adabu njema. Lakini askari wa Kiingereza walikuwa wanaingia uani saa ile ile, nao waliona mtu akikimbia kujificha.

Mkalimani wao alikuwa mgonjwa, wamemwacha kambini. Ofisa alimwendea mzee.

"Who is that?" alifoka. "Is there a German in the house?"

Mzee Nsajigwa alifanya kama alivyolelewa. Alichuchumaa, akainamisha macho, akapiga makofi polepole, akanyamaza. Kwetu, kumkodolea macho mkubwa ni ufedhuli. Lakini ofisa aliona mtu asiyethubutu kumtazama, akaamini kwamba anaficha Mdachi.

"Tie his hands!"

Nyuma ya ukuta wa mianzi Tusekile alisikia yote. Lile la kwanza ni swali, yule ni nani. Lile la pili ni swali, je, kuna Mdachi nyumbani. Hili la mwisho ni amri, mfungeni mikono, na kamba ilikuwa imekwisha kutolewa. Wangemchukua mzee, na waliochukuliwa hawakuwa wakirudi. Lakini atasemaje mbele ya baba mkwe? Aliambiwa tangu utoto kwamba mwanamke anayefanya hivyo huugua, wala hapati mtoto.

Alijifunika kaniki mpaka puani. Akatoka kinyumenyume, mgongo ukimwelekea mzee.

"Stop!"

Akasimama palepale.

"There is no German here," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "The old man is my husband's father. I ran because I fear him."

Yaani hapa hakuna Mdachi. Mzee huyu ni baba wa mume wangu. Nilikimbia kwa sababu ninamwogopa.

"What is his name?"

Jina lake nani! Swali hilo alilielewa vizuri kuliko yote, na mdomo ulikataa kufunguka. Askari mmoja aliinua bunduki.

"I cannot say his name," alisema akilia. "It is our law." Siwezi kulitaja, ndiyo sheria yetu. Kisha akaugeukia ukuta, akasema Kinyakyusa chake, "Wewe ukuta, mwambie aliye hapo wanamtaka ataje jina lake."

Mzee naye akampa mgongo. Halafu mzee akainua uso. "Nsajigwa," alisema.

Ofisa alimtazama mzee, akamtazama mwanamke. Walikuwa wamepeana migongo.

"What a strange law!" alisema.

Tusekile aliijua hiyo. Sheria ya ajabu namna gani! Alimwacha ashangae. Askari walichungulia nyumbani wasikute mtu, wakamwacha mzee, wakaondoka.

Usiku ule Tusekile hakula. Alijua atarudishwa kwa wazazi wake. Asubuhi alikuwa jikoni na Marta. Kikohozi kikasikika nje, akaruka aondoke.

"Marta," mzee aliita kutoka nje. Alikuwa ameketi, mgongo kwenye ukuta. "Mwambie huyo wa ndani asikimbie. Anifundishe kujibu. Jana nilichuchumaa kama mbuzi mgonjwa."

Ndivyo shule ile ilivyoanza. Wake walikaa ndani, wazee nje, ukuta katikati. Lazaro alikuja na fimbo yake. Tusekile aliwaeleza kwamba neno linalofuata likianza kwa sauti ya a, e, i, o au u, 'a' huwa 'an'. Ni 'a pot' lakini 'an egg', yaani yai.

Askari waliporudi, watu wa Bujonde hawakuingia migombani. Walisimama walipoambiwa wasimame, wakajibu walipoulizwa. Hofu ilikuwepo bado, lakini hakuna aliyepigwa risasi tena.

"Who are you?" waliuliza uani kwa mzee, yaani wewe ni nani.

"I am... I am old man."

"An!" ilisema sauti nyuma ya ukuta.

"I am an old man. My name is Nsajigwa."

Askari walitikisa vichwa kukubali, wakapita. Mzee alikaa akitazama njia mpaka vumbi likatulia.

"Marta hayupo leo," alisema, bila kugeuka, "kwa hiyo nauambia ukuta. Ndaga fijo. Asante sana, mwanangu."

Tangu aolewe, mzee hakuwahi kumwita hivyo. Tusekile aliketi jikoni, akaziba mdomo kwa kaniki, akalia kwa furaha.