Nilimnyima Habaryar Jina Lake

Nina miaka hamsini na moja sasa, baba wa watoto wanne, naishi hapa Garissa. Haya ninayowaeleza niliyafanya mwenyewe. Sikutumwa na mtu.

Mama alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa mtaa wa Iftin na dada yake Halima, niliyemwita habaryar, yaani mama mdogo. Alikuwa mtunzi. Wanawake wakikutana harusini na ngoma yao, yeye ndiye aliyengojwa. Kwetu Wasomali, ukighani utungo wa mwenzako, unaanza kwa kumtaja jina. Hata mtoto anajua hilo.

Miaka ya tisini nilikuwa napiga kinanda cha umeme kwenye harusi. Vijana walishachoka na ngoma tupu, walitaka kinanda, gitaa la besi, midundo ya kizungu. Basi nikachukua utungo wa habaryar, ule wa kumlilia bintiye wa pekee aliyekufa kwa homa, nikautia ala, nikarekodi kaseti. Jina lake sikulitaja. Niliona jina la mama mzee litaushusha wimbo wangu... Ujinga gani ule?

Kaseti ilivuma mpaka Mandera. Nikavimba kichwa.

Siku moja habaryar akaghani utungo huo harusini. Wasichana wakamcheka, wakamwambia aache kuiba wimbo wa mtoto aliyemlea. Akarudi nyumbani, akaniomba jambo moja tu.

"Hooyo," alizoea kuniita hivyo kwa mapenzi, maana kwetu mama humwita mwanawe kwa neno hilohilo la mama, "Ijumaa kwenye harusi, nitaje mbele yao."

Nikamwambia sawa. Ijumaa ikafika, naye alikuwa amekaa mbele kabisa. Nikaupiga wimbo, watu wakashangilia... nikanyamaza.

Hakunigombeza. Wiki ile ile alifunga virago, akahamia Lafey, kule Mandera, kwa kaka yake. Nilipomfuata alinipa chai, akaniuliza habari za barabara, kama mtu asiyenijua. Hakutunga tena. Miaka miwili baadaye akafariki.

Msibani, wanawake wa Lafey walinipa pole, wakausifu wimbo niliomtungia binamu yangu. Nikawaambia si wangu, ni wa marehemu. Mmoja akanishika mkono.

"Ni uchungu unaosema, mwanangu. Wewe ni mtoto mwema."

Sikulia. Mpaka leo sijalia, na sijui kwa nini.

Ndugu zangu wasomaji, kama unasimama mbele za watu kwa kazi ya mwingine, nakusihi, mtaje angali hai, angali amekaa pale anakusikia. Mimi siku hizi namtaja habaryar kila ninapoalikwa. Watu wananisifu eti najua kumheshimu mama yangu.