Kochi la Kiingereza

Asubuhi, jua linapoingia karakana, sufi huelea hewani kama isiyo na haraka ya kutua. Inapanda, inazunguka, kisha inatulia kwenye nywele za fundi. Fundi huyu anatengeneza makochi. Mkewe hushona vitambaa vya makochi hayo kwa cherehani iliyo karibu na dirisha. Na binti yao mdogo hukaa juu ya rundo la sponji, akiongea.

Aliongea sana mtoto yule, ndiyo maana wakamwita Kasuku. Aliwaeleza wateja jinsi kochi linavyotengenezwa, hata wale ambao hawakuuliza.

"Kwanza fremu," alisema. "Halafu mikanda, halafu sponji, halafu kitambaa. Fremu ikiwa mbovu, hata uweke kitambaa cha ikulu, utaanguka tu."

"Huyu mnamlipa?" wateja waliuliza.

"Tunamlipa anyamaze," mama alijibu. "Hela anakula, kazi hafanyi."

Kisha Kasuku akahamishiwa shule ambayo masomo yote ni kwa Kiingereza. Fundi mwenyewe aliacha shule mapema. Mteja akimletea maelezo ya Kiingereza, humwomba amsomee. Hakutaka bintiye aje kuishi hivyo.

Siku ya kwanza Kasuku alijibu swali, akakosea, darasa zima likacheka. Tangu hapo hakufungua mdomo tena shuleni. Taratibu akanyamaza hata nyumbani. Karakana ikabaki na sauti ya nyundo na cherehani tu.

Mwalimu wa darasa akamwita fundi.

"Mtoto wako ana adabu, lakini haongei," alisema. "Mwisho wa muhula kila mwanafunzi atasimama na kueleza jambo kwa Kiingereza. Akishindwa, itabidi arudi darasa la chini."

Fundi alirudi nyumbani na uamuzi kichwani. Sebuleni walikuwa na kochi kubwa la kijani, zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alilipiga kofi.

"Kuanzia leo, humu ndani ni Kiingereza tu. Atakayesema Kiswahili anashuka hapa, anakaa sakafuni."

"Na wewe?" mkewe aliuliza.

"Na mimi."

"Baba watoto, wewe unajua Kiingereza gani?"

"Nitajua. Haya, sakafuni! Umeanza."

Mama akashuka, akicheka. Fundi akachukua chai yake. Ilikuwa ya moto.

"Mama yangu wee!" akapiga kelele.

Mkewe alipapasa sakafu pembeni yake. "Karibu, mume wangu. Huku kuna nafasi."

Wote wawili sasa walikuwa chini. Aliyebaki juu ni Kasuku peke yake. Alikaa katikati ya kochi lile kubwa, miguu haifiki chini, mdomo umefungwa. Hakuvunja sheria. Hakusema Kiswahili wala Kiingereza. Hakusema kitu.

Mama akaacha kucheka.

Ikawa hivyo kila jioni. Wazazi sakafuni, mtoto juu, kimya kama wako chini ya maji. Tuseme wazi: fundi alimpenda mwanawe, lakini dawa yake ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa.

Binti yao mkubwa alikuwa chuo cha ualimu. Alipokuja likizo aliwakuta wamekaa vile vile.

"Jamani, kuna msiba?" aliuliza mlangoni.

Fundi aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha sakafu. Dada akakaa. Alimtazama Kasuku kule juu, na Kasuku akamtazama yeye. Macho ya mtoto yalikuwa yamejaa maneno.

Kesho yake baba alitoka kwenda kununua misumari. Dada akapanda juu ya rundo la sponji, akalala chali karibu na mdogo wake. Walitazama sufi ikipita kwenye mwanga.

"Umeota nini, Kasuku?" aliuliza kwa Kiswahili, polepole.

Kasuku aliangalia mlango kwanza.

"Nimeota darasa limejaa sponji," alisema. Sauti ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Mpaka darini. Maneno ya mwalimu yanaingia kwenye sponji, yanakaa. Na mimi naongea, lakini sauti yangu inaingia na yenyewe. Haifiki kwa watu."

"Maneno ya mwalimu unayasikia?"

"Nayasikia. Akisema fungua dirisha, najua. Akisema kaeni wawili wawili, najua. Mengi tu najua. Ila nikitaka kusema, nawaona wanacheka kabla sijasema."

Dada alitabasamu. "Basi sponji yako imeshanyonya. Bado kuiminya tu. Na haiminywi kwa kupigwa."

Kumbe fundi alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa misumari. Alikuwa ameisahau sauti ile. Kisha akakumbuka sheria yake.

"Unanivunjia kazi," alimwambia binti mkubwa.

"Baba, mteja akikuletea kochi, anataka kitambaa kipya. Fremu ni nzima. Unaivunja?"

"Fremu nzima niivunje? Nina wazimu?"

"Kiswahili ndiyo fremu ya huyu. Humo ndimo anamofikiria, ndimo anamoota. Kiingereza tunakivalisha juu yake. Wewe ulitaka kung'oa mbao kwanza."

"Chuoni mnafundishwa makochi siku hizi?"

"Makochi nilifundishwa hapa. Chuoni wametuuliza kila mmoja: ukipata darasa lenye watoto wanaojifunza Kiingereza, utafanyaje? Sasa nimejua nitakalojibu."

"Utafanyaje?" Fundi aliketi juu ya fremu tupu. Alikuwa anauliza kweli.

"Sitamcheka, wala sitaruhusu mtu amcheke. Akikosea nitarudia sentensi yake kwa usahihi, tuendelee. Nitamwonyesha kitu, nitachora, nitaigiza, asibaki anakisia. Nikiuliza swali nitasubiri, maana yeye ana safari mbili: anafikiri huku, anavuka, anasema kule. Na mzazi wake nitamwambia: ongea na mtoto kwa lugha unayoijua vizuri. Mpe hadithi, mpe utani. Mtoto anayejua kueleza jambo kwa lugha yake, analo la kusema akifika kwenye lugha nyingine. Wewe Kiingereza ulichompa ni kimya, baba."

Fundi hakupenda kuambiwa hivyo. Lakini alimtazama Kasuku, hakubisha.

"Na mtihani je? Akirudishwa darasa?"

"Ndiyo tushike kazi, baba."

Walianza na shule, baba na binti mkubwa. Fundi alivaa shati safi, ingawa sufi ilibaki kwenye kola. Mwalimu wa darasa alisikiliza huku akifuta ubao.

"Nina darasa limefurika," alisema. "Nikimsubiri mmoja, wengine wanapanda madirishani."

"Muweke na mwenzake mmoja mpole, mwalimu," dada alisema. "Wasemezane wawili kwanza, ndipo waseme mbele ya wote. Na siku ya mtihani tunaomba aje na kitu mkononi. Kisha asiharakishwe."

Mwalimu alifikiri. "Tunaweza kujaribu. Lakini mtihani ni ule ule."

"Ule ule," dada alikubali.

Nyumbani, baba na Kasuku wakatengeneza kochi dogo kwa mabaki ya mbao na vitambaa. Kila hatua Kasuku aliieleza kwa Kiswahili, kama zamani. Dada akampa maneno ya Kiingereza, moja la mbao, moja la nyundo, moja la mkanda. Kasuku aliyagusa kwa mkono huku akiyatamka. Baadaye maneno yakawa sentensi. Nyingine zilikuja kichwa chini, miguu juu. Dada alizisema tena zikiwa zimesimama, akaendelea. Hakuna aliyeshushwa sakafuni.

Siku ya mtihani wazazi na dada walikaa nyuma kabisa darasani. Kasuku alisimama mbele na kochi lake dogo. Kimya. Mtoto mmoja akaanza kucheka, mwalimu akainua mkono, kicheko kikakatika. Kimya tena. Fundi alitaka kupiga kelele amsaidie. Dada akamwekea mkono gotini.

Mwalimu alisubiri kweli. Unyuzi wa sufi ulichomoka kwenye kochi dogo, ukaelea kwenye mwanga wa dirisha. Kasuku aliufuata kwa macho, kama aliye karakana.

Kisha akasema, kwa Kiingereza: kwanza fremu.

Baada ya hapo mikanda, baada ya hapo sponji. Alikosea, mwalimu akarudia vizuri, Kasuku akaokota sentensi na kusonga mbele. Fundi hakuelewa maneno, lakini hadithi aliijua. Aliona mikono ya bintiye ikishika kitambaa, akajua kinachofuata. Akacheka kabla ya wengine. Ndipo ikulu ilipotajwa, na darasa zima likaangua kicheko. Safari hii Kasuku ndiye aliyewachekesha.

"Muhula ujao anaendelea na wenzake," mwalimu alisema.

Jioni ile familia nzima ilijibana kwenye kochi la kijani. Kasuku alisimulia yote kwa Kiswahili, akarudia, akaongeza chumvi. Mama akaziba masikio kwa utani.

"Na mimi je?" fundi aliuliza ghafla. "Mimi nimezeeka, siwezi kujifunza?"

Kasuku akakimbia karakana, akaleta nyundo. Akamwinulia baba yake.

"Hii kwa Kiingereza?"

Fundi alikunja uso. Midomo ikacheza, neno halikuja. Mkewe akafungua kinywa amsaidie.

"Mwache, mama," Kasuku alisema. "Anavuka."

Wakanyamaza wote, wakasubiri. Sufi ikashuka kutoka kwenye nyundo, polepole. Na fundi akafungua mdomo.