Saa Isiyokosea

Saa ilianza kusema kweli siku ya Jumatano, na hapo ndipo mpima ardhi alipoogopa.

Alikuwa ofisini, mkono umelala juu ya ramani. Ilipotimia saa sita mchana alikitazama kidirisha cha tarehe, kama alivyofanya kila siku tangu amzike mkewe, akangoja namba iruke. Haikuruka. Kumi na saba ilibaki kumi na saba, kama ambavyo ingebaki katika saa yoyote nzima.

Ilikuwa saa ya mkononi ya kale, ya kalenda ya kudumu. Hujua yenyewe mwezi mfupi na mrefu, hujua hata mwaka ambao Februari huongezewa siku. Mradi itiwe ufunguo, haihitaji kusahihishwa na mtu. Alikuwa na tano za aina hiyo, alizozisaka kwa miaka kwenye minada na kwa warithi wasiojua wamerithi nini. Mkewe, aliyekuwa na kithembe, aliziita wake wenza. "Nenda kawaamkie wake wendhangu," angemwambia kila asubuhi, "wathije wakanuna."

Wiki yake ya mwisho, mumewe alipotoka kufuata dawa, aliona hiyo moja imesimama. Akaitia ufunguo kitandani na kuizungusha mpaka ikaonyesha saa inayotakiwa, ila aliipitisha kwa nusu siku: usiku wa manane wa saa ukaangukia mchana kweupe. Alipoelezwa, alicheka mpaka akakohoa.

"Thaa thita ni thaa thita, baba Chiriku. Mishale thi imethimama pale pale?"

Kuirekebisha ilikuwa kazi ya dakika. Hakuirekebisha. Lilikuwa kosa la mwisho la mikono ile, naye alilivaa.

Jana yake, Jumanne, mchora ramani aliyekaa meza ya pili alichungulia ile saa akaangua kicheko. "Mkubwa, saa yako imekula kesho kabla sisi hatujala cha mchana!" Ofisi nzima ikacheka. Kwa haya, mpima ardhi akajibu, "Ipo siku itarekebishwa."

Kumbe kulikuwa na aliyesikia.

Jioni ya Jumatano hiyo alimuuliza habari za saa binti yake wa pekee, ambaye kwa kutofunga mdomo alipewa jina la Chiriku, na aliyerithi kithembe cha mama yake chote bila kubakiza.

"Mimi na thaa dhako wapi na wapi, baba? Thijaigutha. Ila na mimi nina thwali. Nani kalinyoosha padhia la mama?"

Pazia la sebuleni lilikuwa limeshonwa upande. Pembe moja ilipanda juu kama suruali ya mtu anayevuka dimbwi. Sasa lilikuwa limenyooka. Mpima ardhi aliukagua upindo akaona mshono mpya, mdogo, usiopishana hata kwa unywele. Akaenda jikoni. Kwenye kopo la chai mkewe aliwahi kuandika kwa haraka MAJINI YA CHAI, na nyumba ikacheka mwaka mzima. Sasa liliandikwa MAJANI, kwa mwandiko wake yeye mwenyewe marehemu.

Hakumwambia binti yake. Aliketi, akaizungusha mishale mbele saa kumi na mbili, akarudisha kosa mahali pake, akaiweka saa chini ya mto.

Usiku aliamshwa na harufu. Yalikuwa mafuta ya nywele ya mkewe, lakini bila ule moshi wa jikoni uliozoea kuandamana nayo. Mafuta matupu, safi, kama yaliyotoka dukani. Kisha akasikia ndara ukumbini, na mkewe maisha yake yote aliburuza ndara, lakini hizi hazikuburuzwa, zilikuja hatua kwa hatua, sawasawa, kila hatua na mwenzake, zikaja mpaka mlangoni, zikaja mpaka ubavuni mwa kitanda, na akatambua, huku shuka likimgandia mgongoni kwa jasho, kwamba zilikuwa zikienda kwa mpigo ule ule uliokuwa ukisikika chini ya mto wake.

"Baba Chiriku," sauti ilinong'ona. "Mbona hulali? Saa sita imeshapita."

Sauti ilikuwa ya mkewe. Lakini ilisema saa. Ilisema sita.

Alfajiri saa ilikuwa imerekebishwa tena.

Aliipeleka kwa fundi saa, mtu wa maneno mengi. Fundi aliifungua, akainamia lenzi yake, akakagua meno ya magurudumu moja moja.

"Imerudishwa nyuma," alisema polepole. "Mashine hizi hazirudishwi nyuma hivi, mzee wangu. Meno hukatika. Humu hakuna jino lililokatika." Akaifunga haraka kama mtu anayefunika chungu chenye nyoka. "Aliyekuuzia alikuwa mteja wangu, mgane kama wewe. Naye aliinunua kwa mgane. Nilimuuliza habari za nyumbani, akaniambia, 'Mke wangu siku hizi hana kosa hata moja.' Na mkewe tulikwisha kumzika! Niachie nimtafute mganga."

"Mganga atafanya nini?"

"Atamuuliza aliyemo humu anataka nini."

"Anachotaka nakijua," mpima ardhi alisema, akaivaa saa yake.

Ijumaa asubuhi, Chiriku aliandaa chai kimya. Kimya chenyewe kilitosha kutisha.

"Baba, chai ipo mezani," alisema. "Sukari nimeshatia."

Kikombe kilimponyoka baba yake.

"Sema tena."

"Sukari." Midomo ilitabasamu, macho yalijaa machozi. "Baba, nasikia kama kuna mtu ananisaidia kusema. Mwambie aache."

Mpima ardhi alimketisha binti yake, akaushika mkono wake. Nje jua lilipanda. Hakwenda kazini. Ilipokaribia saa sita harufu ile safi iliingia, na mdomo wa Chiriku ukafunguka, sauti ya mamaye ikatoka humo.

"Nimekuletea mke asiyekohoa, asiyekosea, asiyekufa. Na mtoto asiye na kasoro. Unakataa nini?"

"Nakukataa wewe."

"Mkeo alikuwa na kasoro."

"Nazijua zote. Nilizioa."

Akakishika kifundo cha pembeni mwa saa, kile cha kuzungushia mishale. Kilikuwa baridi kama chuma kilicholala mvuani, na kilipogoma alikaza, na kilipomkata kidole gumba alikaza zaidi, damu ikateleza kwenye kioo, mapazia yakavuma bila upepo, makopo yakagongana jikoni, na ile sauti ikabembeleza, ikaomba, ikamwita kwa majina matamu ambayo mkewe hakuwahi kumwita hata siku ya harusi, naye akazungusha, mbele, mbele tu, mshale mrefu ukipita duara baada ya duara, mpaka nusu siku yote ikarudi mikononi mwa aliyeikosea.

Mishale ikakutana juu. Namba ikaruka. Ilikuwa kesho, na jua lilikuwa utosini.

Chiriku alipepesa macho.

"Baba? Mbona unatoka damu? Thaa ngapi thatha hivi?"

Akaipangusa damu kiooni. "Saa sita."

"Ya mchana au ya uthiku?"

"Saa sita ni saa sita, mwanangu."

Jumatatu, ofisini, mchora ramani alinyoosha shingo. "Mkubwa, kesho imeshaingia tena? Si ulisema itarekebishwa?"

Mkononi mwa mpima ardhi saa ikakatisha mpigo, kama mtu anayebana pumzi ili asikilize.

"Nilikosea," alisema, na akasema kwa sauti. "Haitarekebishwa. Si leo, si kesho yake, si kesho yenu."

Kisha saa, shingo upande, ikaendelea kupiga.