Kibuyu cha Mursik Mbele ya Hakimu

"Kielelezo namba mbili, Mheshimiwa," alisema wakili wa Kimeli, akaweka kibuyu mezani.

Nilikitambua kabla hajakiachilia. Kilikuwa sotet yangu ya maziwa ya kuchacha, ile yenye mkanda wa shanga, iliyopotea jikoni kwangu juma lililopita.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alikitazama kwa mashaka.

"Kuna kitu ndani?"

"Mursik, Mheshimiwa. Imetengenezwa na mlalamikiwa mwenyewe."

"Mbona inatoa povu?"

"Imekaa siku nyingi, Mheshimiwa."

"Basi isogeze mbali na faili zangu."

Watu walicheka. Phelis, mlalamikiwa, hakucheka. Alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti, vidole bado vyeusi kwa majani ya chai aliyochuma alfajiri.

Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Alimwachia ekari moja na nusu ya chai, na sasa Kimeli, shemeji yake, alikuwa amekuja korti ya Bomet na kifungu cha sheria ya urithi: mjane akiolewa tena, haki yake juu ya shamba inakwisha, na shamba linarudi kwa ndugu wa marehemu. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba Phelis ameolewa. Mume aliyetajwa ni mimi, Hezekiah, Baba Chelangat, jirani yake.

Nilikuwa nimemwomba tuoane mara tatu. Mara tatu alikataa bila kunipa sababu, nami kwa kiburi changu nilidhani ananiona mzee. Wito wa korti ulipofika ndipo nilipoelewa. Nilimwandikia ujumbe:

"Kwa nini hukuniambia ni shamba?"

Alijibu: "Ungesema niache shamba nije kwako. Ile chai niliipanda kwa mikono yangu. Sitaki kuchagua."

Kimeli alipanda kizimbani, suti imempwaya.

"Mheshimiwa, kwetu Wakipsigis mwanamke haoshi sotet ya mwanaume bure. Kuisugua na mkaa, kuijaza maziwa kila wiki? Huyo ni bibi yake! Na huyu ni Mkisii, hata mursik hakuwa anajua. Alijifunza juu ya huyu mzee."

"Nilifundishwa na mama yako, Kimeli," Phelis alisema kutoka kwenye benchi. "Ukiwa mjini, mimi nikimuuguza."

"Mlalamikiwa, utapata nafasi yako," hakimu alisema, lakini kwa upole.

Kisha nikaitwa mimi. Nilishika Biblia, nikaapa.

"Mzee, huyu ni mke wako?" wakili wa Kimeli aliuliza.

"Hapana."

Huo ulikuwa ukweli, na ningekomea hapo. Lakini niliona ile ekari na nusu ikimponyoka, nikaongeza yangu.

"Ni jirani tu. Akipita barabarani hata sina habari naye."

"Na hii mursik?"

"Niliinunua."

Phelis aliinua uso akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mkono anaoujua.

Zamu yake ilipofika, wakili wake, binti mdogo aitwaye Janeffer, alimuuliza swali moja tu.

"Mama, umeolewa na Mzee Hezekiah?"

"Sijaolewa."

"Asante, Mama. Hiyo inatosha."

"Haitoshi. Huyo mzee amedanganya korti. Hajawahi kununua mursik kwangu hata ya shilingi kumi. Nampa kwa sababu nampenda. Na nikipita bila kumsalimia, anapiga simu mara nne kuuliza kama nina homa."

Janeffer alifunika uso.

"Mama Phelis, tafadhali..."

"Mwache aongee," hakimu alisema.

"Mheshimiwa, yeye pia alifiwa na bibi. Ako na ekari mbili. Akinioa leo, ni nani atakuja kumnyang'anya?"

Hakimu alimgeukia wakili wa Kimeli.

"Jibu hilo, wakili."

"Mheshimiwa, sheria inataja mjane mwanamke..."

"Najua inamtaja nani. Nimekuuliza, mwanamume huyu nani atamnyang'anya?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Janeffer aliruka na karatasi za uamuzi wa Mahakama Kuu na ibara ya Katiba kuhusu usawa. Hakimu alizipokea, akasema tutarudi saa nane.

Nje, Phelis alitandika leso kwenye nyasi akakaa, mbali nami. Nilimfuata.

"Ulinikana," alisema.

"Nilitaka ubaki na shamba."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Hiyo ndiyo shida yako, Baba Chelangat. Umesoma ngumbaru mpaka ukapata cheti, sasa unadhani kila jibu liko kwako."

"Na hakimu akichukua shamba?"

"Nitalia. Nitalia sana. Halafu nitakuja kwako nikiwa bado nalia, na wewe utanyamaza. Usinisomee kifungu chochote."

Kumbe alikuwa ameshachagua, pale kizimbani, mbele ya watu wote.

"Nitanyamaza," nilisema.

"Wewe? Huwezi."

"Nitajaribu."

Alisogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja ikabaki kwenye kipande chake cha leso. Nilikaa.

Saa nane hakimu alisoma polepole. Alisema sheria inayomwadhibu mjane kwa kuolewa, na kumwacha mwanamume aliyefiwa aoe apendavyo, ni ubaguzi. Mahakama Kuu ilishasema hivyo, naye hawezi kuupuuza uamuzi huo. Phelis hajaolewa, na hata akiolewa kesho, chai itabaki yake. Ombi la Kimeli lilitupwa.

"Na wewe, Mzee Hezekiah," alimalizia, "siku nyingine ukishika Biblia, umkumbuke aliyeiandika."

"Nimesikia, Mheshimiwa."

Mlangoni nilivua kofia.

"Phelis, sasa nauliza. Utakubali nikuoe?"

"Mara ya nne! Si ulisema huna habari na mimi?"

"Phelis."

"Nitakubali, Hezekiah. Lakini chai yangu nitaipeleka kupimwa kwa jina langu."

"Hata kikapu nitakubebea."

Jumatatu tulienda kwa msajili wa ndoa kutoa ilani. Karani, kijana mwenye haraka, hakuinua macho.

"Mama, hali ya ndoa?"

Phelis alinitazama, akatabasamu, kisha akaigonga ile fomu kwa kidole.

"Andika mjane. Lakini usikandamize kalamu sana."