Maua ya Mwamba wa Juu

Kila asubuhi mvunja mawe alikwenda machimboni na nyundo yake, na mkewe akabaki akihangaikia maua. Yalikuwa madogo, ya zambarau, yaliyoota juu ya mwamba mmoja wa machimbo na si penginepo. Msimamizi alikwisha kutangaza kwamba mawe ya chini yakiisha, mwamba huo nao utavunjwa. Kwa hiyo mke aliyang'oa machache, akayapanda nyumbani katika samadi nene, akayamwagilia asubuhi na jioni kama mchicha.

Yote yakaoza. Mumewe alimtania kwamba ameyashibisha mpaka yakavimbiwa. Mke hakucheka. Alimwendea jirani yao, mama wa makamo aliyefanya kazi katika kitalu cha miche.

"Mwanangu, umeyaua kwa kuyadekeza," jirani alimwambia. "Hayo yamezoea njaa."

Akamweleza kwamba asing'oe tena hata mmea mmoja. Angoje mbegu zikauke, achukue chache, nyingi aziache mwambani. Ajaze vyungu changarawe iliyodondoka chini ya mwamba uleule, bila samadi. Azinyunyize mbegu juujuu bila kuzifukia, kwa sababu zinahitaji mwanga. Maji ayatie katika sinia chini ya chungu, changarawe iyanyonye yenyewe.

Mvunja mawe akaleta changarawe. Mbegu zikaota, ndogo kama vichwa vya pini, na msimu uliofuata zikatoa maua. Mke akakipeleka chungu kimoja machimboni, wavunja mawe wakione. Msimamizi alikitazama, akafurahi.

"Shemeji, sasa maneno yamekwisha. Maua yamehamia kwako. Kesho tunauvunja mwamba."

"Hayajahama, shemeji. Hawa ni watoto tu. Mama yao yuko kule juu, na nyuki wao wako kule juu. Kesho utanikuta nimeketi kulekule."

Msimamizi akamgeukia mumewe, akamtaka amtulize mkewe. Mvunja mawe akaiweka nyundo chini.

"Nimtulize kwa lipi, mzee? Mwamba ule hata mimi siupigi."

Wenzake nao wakaziweka nyundo zao chini, mmoja baada ya mwingine.

Machimbo yakageuzwa upande wa pili, kwenye mawe matupu. Mbegu za vyunguni zikarudishwa katika nyufa za mwamba, na sasa juu kote ni zambarau. Msimamizi apitapo, mke wa mvunja mawe humwamkia kwa adabu kutoka juu ya mwamba, lakini hashuki.